Safari ya Jangwani Haianzi kwa Petroli

Siku ya Jumamosi alasiri, katika vibanda vya nyama choma vya Kenyatta Market, hapo karibu na barabara ya Mbagathi, mazungumzo huwa mengi. Kuna wanaobishana juu ya mpira, kuna wanaolia na kodi ya nyumba, na kuna akina dada waliotoka kusukwa nywele katika vibanda vya jirani ambao wana yao ya kuzungumza. Lakini ukitega sikio siku hizi utasikia pia habari za aina nyingine. Vijana wanne watano wamezunguka sinia la mbavu na kachumbari, wanapanga safari ya kwenda kaskazini: Marsabit, Chalbi, North Horr, hadi Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana. Mmoja anahesabu petroli, mwingine mahema, wa tatu anauliza ni kamera gani itakayofaa. Mwishowe mmoja wao husema kwa furaha: "Tunakwenda mahali ambapo hakuna mtu!"

Ni neno hilo la mwisho lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza, ndugu msomaji, nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na safari hizi. Wahenga walisema tembea uone, nao hawakusema tembea Mombasa peke yake. Kwa miaka mingi safari ya kuzuru jangwa la nchi yetu ilikuwa ni mambo ya Wazungu na magari yao ya Land Rover, huku mwananchi wa Nairobi akijua njia mbili tu: ya kwenda kazini na ya kwenda kwao mashambani wakati wa Krismasi. Leo karani, mwalimu, muuguzi na fundi wa magari wanaweza kuchanga pesa zao, wakakodi gari moja, wakaenda kujionea nchi yao. Hilo ni jambo la kusifiwa. Ninalolipinga ni fikira wanayoibeba pamoja na mizigo yao, yaani kwamba nchi wanayoiendea ni tupu.

Tupu kwa nani? Kuanzia Archer's Post utakuta Wasamburu. Pande za Laisamis utakuta Warendille na ngamia wao. Mlima Marsabit, ambao wenyeji wengi wanauita Saku, una Waborana, Waburji, Warendille, Wagabra na wengineo. Ukiteremka kwenye uwanda wa Chalbi, kule Maikona, Kalacha na North Horr, hapo ni nyumbani kwa Wagabra. Ufukoni mwa ziwa wako Waturkana na Waelmolo, na kaskazini zaidi wako Wadasanach. Hakuna kisima kisicho na wenyewe, na hakuna malisho ambayo wazee hawajui ni nani aliyeyatumia mwaka jana na ni nani atakayeyatumia mwaka huu. Mfugaji wa ngamia huona mahali pa maji, mahali pa chumvi ya mifugo na mahali pa kukimbilia wakati wa ukame palepale ambapo mtu wa mjini anaona mchanga na mawe tu. Kutojua kusoma barua hakuifanyi barua kuwa karatasi tupu.

Tena tusisahau kwamba Nairobi yenyewe inakula kutoka huko. Mbuzi wengi wanaochinjwa katika jiji hili, na hasa wanaopitia Kiamaiko, hutoka Marsabit, Moyale, Isiolo na kaunti nyingine za wafugaji. Huenda hata yule aliye kwenye sinia amekwisha kuifanya safari hiyohiyo inayopangwa, ila yeye aliifanya kwa lori, akija upande huu. Itakuwaje basi tuseme hakuna mtu mahali panapotulisha?

Neno "tupu" si geni, wala halikubuniwa na vijana hawa. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyolipanda. Kwa sheria ya mwaka 1902 iliyohusu wilaya za mbali, na nyingine ya mwaka 1934 iliyohusu wilaya maalum, eneo la kaskazini lilifungwa. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila ya kibali. Wakoloni waliliona kama ukuta tu wa kuwatenga na Ethiopia na Somalia. Shule, hospitali na barabara hawakuona haja ya kujenga, isipokuwa kidogo sana.

Badala yake walipafanya gereza. Jina la soko letu hilo latukumbusha jambo ambalo wengi wanaokula nyama pale hawalifikirii. Mzee Jomo Kenyatta naye aliwahi kuifanya safari ya jangwani, lakini yeye hakwenda na hema wala kamera. Baada ya kesi ya Kapenguria mwaka 1953 alipelekwa Lokitaung, kule mbali Turkana, pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, na mwaka 1961 akaletwa Maralal kabla ya kuachiliwa Agosti mwaka huohuo. Makhan Singh, yule mpiganaji wa haki za wafanyakazi, alizuiliwa katika sehemu hizohizo tangu 1950 hadi 1961. Mkoloni aliamini kwamba kumtupa mtu jangwani ni kumtoa duniani. Sisi tulio huru tukiendelea kusema huko hakuna mtu, tunasema maneno yake kwa mdomo wetu.

Baada ya Uhuru mambo hayakubadilika upesi. Vita vya Shifta vilianza mwaka 1963 na kudumu hadi 1967, na sheria za hali ya hatari katika sehemu hizo hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulieleza kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali ambapo zitazaa matunda mengi zaidi, yaani kwenye ardhi ya rutuba na mvua. Kaskazini ikabaki nyuma. Haishangazi basi kwamba msafiri aliyepanda lori la ng'ombe Moyale au Marsabit alikuwa akiagwa kwa maneno haya: "Unakwenda Kenya?" Watu wa Nairobi hucheka wakisikia hadithi hiyo. Mimi sioni cha kuchekesha. Mtu haiiti nchi yake kwa jina la mbali isipokuwa imemweka mbali.

Kilichobadilisha mambo ni lami. Ujenzi wa barabara kutoka Isiolo hadi Moyale, umbali wa kilomita 500 hivi, ulianza mwaka 2007, na kazi ilichukua takriban miaka kumi kumalizika. Safari iliyokuwa ikichukua siku mbili tatu juu ya lori, huku abiria ameshikilia vyuma na vumbi limemjaa machoni, sasa basi huimaliza kwa muda usiotimia siku moja. Kwa mgonjwa anayetafuta hospitali na kwa mama anayeuza maziwa, hii ni neema kubwa.

Lakini lami ina hila yake. Inampitisha mtu upesi mno. Dereva wa Nairobi hukanyaga mafuta kutoka Isiolo hadi Marsabit bila ya kusimama, kisha akirudi anasimulia kwamba hakuona kitu njiani. Ataonaje, na yeye alikuwa akikimbia? Wengi huupita mji wa Turbi kana kwamba ni mahali pa kununua soda tu. Hawajui kwamba asubuhi ya Julai 12, 2005, washambuliaji waliivamia Turbi wakaua makumi ya watu, wakiwamo watoto wengi wa shule ya msingi. Mtu anayepita mahali kama hapo anapaswa walau kupunguza mwendo na kuizima redio.

Haya basi, safari ipangwe namna gani? Mimi naona ianzie papa hapa Nairobi, katika Jumba la Makumbusho ya Taifa. Pale kuna sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu ajabu, ambaye Rais Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri mwaka 1970 na ambaye alikufa mwaka 1974. Pale pia yamehifadhiwa mabaki ya yule kijana wa Turkana, aliyeishi miaka ipatayo milioni moja na nusu iliyopita. Mfupa wa kwanza wa kijana huyo ulionekana Nariokotome mwaka 1984 na Mkenya, marehemu Kamoya Kimeu. Mtu akisimama mbele ya mifupa hiyo hawezi tena kusema kwamba anakwenda mahali pasipo na watu. Huenda akafahamu kwamba hakuna mahali palipokaliwa na watu kwa muda mrefu kupita pale.

Jambo la pili ni majira. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani. Wakati wa kiangazi ni ngumu na nyeupe kwa chumvi, na gari hukimbia juu yake kama liko uwanjani. Mvua ikinyesha hugeuka tope, na gari likizama humo hutoki kwa jeki na maombi peke yake. Kwa hiyo miezi ya mvua ya masika na ya vuli, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, haifai kwa safari hiyo. Na hata wakati wa kiangazi ni hatari kwenda na gari moja tu. Yafaa yawe mawili, kila moja na tairi mbili za akiba, kwa maana mawe meusi ya kati ya North Horr na ziwa hayana huruma na mpira. Maji ya kunywa yasipungue lita 5 kwa kila mtu kwa kila siku, mbali na ya gari. Marsabit ina vituo vya petroli, lakini ukishateremka nyikani petroli huuzwa kwa mitungi, na bei yake si ya Nairobi. Simu nayo hukatika, kwa hiyo acha habari nyumbani na kwa polisi utapita wapi na utafika lini.

Jambo la tatu ni usalama, nalo halitaki ushujaa. Sehemu za Baragoi na bonde la Suguta zimeona msiba mwingi wa wizi wa mifugo. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa huko katika shambulio moja. Ikiwa askari wenye bunduki walipatwa na hayo, sembuse mtalii mwenye kamera? Anayetaka kurudi kwa njia ya South Horr, Baragoi na Maralal sharti aulize kila kituo, na akiambiwa leo njia haipitiki, asipite. Kuuliza si ujinga.

Hayo yote vijana wetu wengi huyajua, na wasipoyajua huyasoma. Lakini jambo la nne ndilo wanalolisahau, nalo ni adabu ya mgeni. Nimepata kuona gari la wasafiri kutoka mjini likisimama penye kisima huko nyikani wakati wa jua kali. Mifugo ilikuwa imepanga foleni, kila kundi na zamu yake kama ilivyoamuliwa na wazee. Wale wageni waliteremka na mitungi yao, wakachota, wakaosha nyuso, mmoja akaosha hata kioo cha gari. Mzee aliyesimamia kisima hakusema neno, maana kwa desturi yao mgeni hanyimwi maji. Wageni wakaondoka wakifikiri kwamba maji yale ni ya bure na ya kila mtu. Ngamia waliokuwa wamefika zamu yao walingoja.

Tukio hilo dogo si dogo hata kidogo. Kati ya mwaka 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosa kunyesha vizuri misimu mitano mfululizo, na katika nchi yetu mifugo zaidi ya milioni mbili walikufa. Wapo wazee waliokuwa na mamia ya mbuzi wakabaki na fimbo tu. Katika nchi kama hiyo ndoo moja ya maji ni mali. Kuichota bila ya kuomba ni sawa na mgeni kuingia dukani kwako hapo sokoni akajitwalia unga, akakupungia mkono na kwenda zake.

Kadhalika picha. Msichana wa Kirendille aliyevaa shanga shingoni hakuzivaa kwa ajili ya kamera ya mtu yeyote. Muulize, na akikataa, basi amekataa. Tungependa sisi watu waje na magari Kenyatta Market, watupige picha tukisukwa nywele au tukitafuna mbavu, kisha waende zao bila ya hata kutuamkia? Jifunze salamu kabla ya kuondoka. "Nagaa" kwa Waborana na Wagabra, "supa" kwa Wasamburu, "ejoka" kwa Waturkana. Maneno hayo matatu ni mepesi kubeba kuliko mtungi wa maji, na yatakufungulia milango mingi zaidi.

Najua nitapingwa. Atatokea mtu aseme: "Bwana mwandishi, sisi tunalipa pesa zetu, tunabeba chakula chetu, tunalala katika mahema yetu. Hatumsumbui mtu. Kosa letu ni lipi?" Hoja hii ina uzito, kwa kuwa ni kweli kwamba mtu asiyebeba maji na chakula cha akiba jangwani ni mjinga, na huwa mzigo kwa wenyeji wanapolazimika kumwokoa. Akiba ni lazima. Lakini akiba ni kitu kimoja, na kubeba Nairobi nzima hadi Loiyangalani ni kingine. Msafiri anayenunua kila kitu jijini, hata nyanya na mandazi, akapita North Horr bila ya kunywa chai hata kikombe katika hoteli ya mama mmoja wa pale, amemwachia mwenyeji vumbi la gari lake na taka zake. Ni heri achukue kijana wa pale awe kiongozi wa njia na amlipe vizuri. Kijana huyo anajua ni wapi tope liko chini ya chumvi. Ramani haijui.

Wengine watasema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba maendeleo makubwa yako njiani. Ni kweli, makubwa yamekuja. Katika nyika ya kati ya Laisamis na Loiyangalani imesimama mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa nguvu ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, nayo ilizinduliwa rasmi mwaka 2019. Umeme wake husafiri kwa nyaya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Vijana hupenda sana kupigia picha mitambo hiyo. Lakini wajue pia kwamba wenyeji walikwenda mahakamani juu ya ardhi ile, na mwaka 2021 mahakama ya ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikutolewa kwa kufuata sheria. Sitaki kuingia katika kesi hiyo. Nasema tu kwamba fikira ile ya "hakuna mtu" haiishi katika vichwa vya watalii peke yao. Ikiingia ofisini hugeuka kuwa hati ya ardhi.

Ziwa lenyewe lina funzo kama hilo. Mwaka 1888 Teleki na von Höhnel walifika kwenye ufuko wake, wakaliita Rudolf kwa jina la mwana wa mfalme wa kwao, kana kwamba maji yale hayakuwa na jina siku zote walipokuwa Waelmolo wakivua samaki humo. Ilitubidi kungoja hadi mwaka 1975 ndipo likaitwa Turkana. Ilichukua miaka 87 kuliondoa jina lililoletwa na mgeni mmoja aliyepita. Hivyo ndivyo mgeni anavyoweza kuacha alama bila ya kujua, na hivyo ndivyo ilivyo kazi kubwa kuifuta.

Kwa hiyo, enyi mnaopanga safari, nendeni. Nendeni kwa wingi, na mwende na watoto wenu, wakaone upepo wa Loiyangalani na rangi ya maji yale wakati wa jioni. Lakini katika orodha yenu, juu kabisa, kabla ya petroli na mahema, andikeni majina ya watu ambao mtapita kwao, na chini yake namna ya kuwaamkia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa kaskazini amekwisha kuona wageni wa kila namna: aliyekuja na pingu, aliyekuja na bunduki, aliyekuja na ramani. Ni wachache mno waliokuja akapona. Wewe unayekwenda mwezi ujao, jiulize ukiwa bado Nairobi utakuwa mgeni wa aina gani.